Kununua Ngombe wa Nira Aliyeumia Zamani

Ninyi watu wa vijiji vinavyokaa pembeni ya njia za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, munajua vizuri mambo ya inchi yetu. Miji ya migodi inakula mahindi, mihogo na makala kila siku, na haishibi. Vijana wengi wamekwenda kuchimba, na mikono iliyobaki kijijini ni ya mama zetu, ya wazee na ya watoto. Ndiyo sababu watu wanataka ngombe wa kazi. Ngombe wawili wa nira waliofundishwa vema wanaweza kulima kwa siku moja kipande cha shamba cha karibu mita 50 kwa mita 50. Mtu mmoja mwenye jembe la mkono anahitaji siku 10 ao zaidi kwa kipande hicho.

Lakini ngombe mzima aliyefundishwa ni wa bei kubwa. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba fulani anauzisha ngombe wa nira kwa bei ya chini, "kwa sababu aliumia kidogo zamani", moyo wake unaruka, na usiku anaanza kuhesabu feza. Somo hili ni kwa mtu huyo, kabla hajafungua kitambaa cha feza zake.

Wengine waliniuliza habari ya farasi, maana wameona katika picha farasi akivuta gari. Jibu ni fupi. Katika mapori yetu mengi kuna mbungo, ndiye nzi anayeitwa tse-tse, na nzi huyo analeta ugonjwa wa nagana. Farasi akiupata hana nguvu ya kushindana nao. Ngombe nao wanaupata, lakini ngombe wa kabila la N'Dama, ambao asili yao ni milima ya Fouta Djallon katika inchi ya Guinea, wanauvumilia kuliko wengine, na waliletwa Kongo kwa sababu hiyo. Basi sisi tusome habari za ngombe.

Jeraha na kilema

Jeraha la zamani na kilema cha leo si kitu kimoja. Ngombe anaweza kuwa na kovu kubwa la kutisha na kufanya kazi miaka 8. Mwingine ngozi yake ni safi, manyoya yanangaa, lakini ndani ya kiungo kuna kitu kilichoharibika, na siku ya tatu ya kulima atalala katika mtaro na kukataa kuamka. Kwa hiyo hapana kuuliza "kovu ni kubwa namna gani?" Uliza "kitu gani kiliumia, na kitu hicho kinafanya kazi gani wakati ngombe anapovuta?"

Ngombe anayevuta anasukuma nira kwa shingo na kwa nundu. Nguvu inatoka miguu ya nyuma, inapita mgongoni, inafika shingoni. Miguu ya mbele inabeba zaidi ya nusu ya uzito wa mwili, na gari likishuka mlima, miguu hiyo ndiyo inayolizuia. Yeye anaweza kuvuta siku kwa siku bila kuharibika mzigo wenye nguvu ya karibu sehemu moja katika 10 za uzito wake. Ngombe wa kilo 300 atavuta kwa nguvu ya kilo 30. Hiyo inafaa akiwa mzima. Akiwa na mguu mmoja anaouficha, miguu mitatu inafanya kazi ya minne, na kisha hiyo mitatu nayo inachoka.

Jeraha la ngozi na la nyama tu, kama vile la pembe ya mwenzake ao la mti, likipona vizuri halina neno. Isipokuwa mahali pamoja: pale nira inapokaa. Kovu lisilo na manyoya juu ya shingo ni ngozi nyembamba isiyo na nguvu. Itapasuka tena wiki ya kwanza, inzi watakuja, na hutapata kazi. Mkitengeneza nira laini na pana inayokaa mbele ama nyuma kidogo ya kovu, labda itawezekana. Lakini pima kwanza kwa nira yenyewe, si kwa macho.

Mfupa uliovunjika katikati unaweza kupona kabisa. Mwili unatengeneza kinundu cha mfupa mpya mahali palipovunjika, na baada ya miezi kinundu hicho kinakuwa kigumu. Ukikishika na kukibonyeza na ngombe hajali, na mguu umenyooka, si mfupi kuliko mwenzake, usimkatae mara moja. Lakini mfupa uliovunjika karibu na kiungo, ao ndani ya kiungo, ni habari nyingine kabisa. Pale mifupa miwili inasuguana. Ikiwa uso wake si laini tena, kila hatua inaukwaruza, na kadiri miaka inavyopita kiungo kinakuwa kinene na kigumu. Hakuna dawa ya kukirudisha. Kiungo kinene, kigumu kama jiwe, kisichokunjika sawasawa na cha mguu wa pili: mwache huyo ngombe kwa mchinjaji.

Kano ni ile kamba nyeupe na ngumu iliyo nyuma ya mguu, chini ya goti. Wawindaji wetu wanatega waya porini, na ngombe wanaokula peke yao wananaswa. Mutaona kovu la duara kama pete juu ya kwato. Kama waya ulikata ngozi tu, si neno kubwa. Kama ulifika kano, kano inaunganika tena, lakini polepole sana, kwa miezi mingi, na mahali pa kuunganika hapatakuwa tena na nguvu kama zamani. Pitisha vidole viwili nyuma ya mguu toka juu mpaka chini. Kano nzima ni laini na sawa pande zote, kama mpini uliotumika. Kano iliyoumia ina fundo, ao imeshikamana na ngozi. Ngombe wa namna hiyo anaweza kuvuta jembe dogo la kupalilia katika udongo laini. Asivute gari la makala katika njia ya mawe.

Tazama tena mabega, ukisimama mbele yake na nyuma yake. Ngombe aliyepigwa sana begani, ao aliyevutishwa na nira mbaya, pengine mshipa wa fahamu umekufa, na nyama ya juu ya bega imekwisha. Mfupa wa bega unaonekana kama ukingo wa mtumbwi. Bega moja likiwa hivi na jingine limejaa, hapana kumnunua kwa kazi.

Kuna kilema kingine ambacho wazee wengi wanafikiri ni uchawi. Ngombe anatembea vizuri, halafu mguu mmoja wa nyuma unakwama nyuma, umenyooka kama fimbo, anaukokota, kisha unaachia kwa ghafula na kuruka. Kifupa kidogo cha goti la juu, lile lililo karibu na tumbo, kinapanda na kunaswa. Ngombe wa nira wanaupata sana. Si uchawi, na mganga wa nyama anaweza kuukomesha kwa kukata kamba moja ndogo ndani ya goti, kazi ya wakati mfupi. Kwa hiyo ngombe huyo akiuzishwa kwa bei ndogo, na mganga wa nyama yupo karibu, pengine ndiye wa kununuliwa. Lakini ongea na mganga kwanza, kabla ya kulipa.

Nyonga iliyoshuka inachekesha watu. Ukisimama nyuma ya ngombe unaona mfupa mmoja wa nyonga uko juu na mwingine chini. Mara nyingi alijigonga mlangoni mwa zizi akiwa mdogo, ncha ya mfupa ikavunjika na kushuka. Ni kitu kibaya kwa macho, lakini ncha ile haibebi uzito wa mwili. Kama anatembea sawa na amekwisha kufanya kazi, nyonga hiyo inashusha bei na haishushi nguvu. Vilevile mkia uliovunjika, sikio lililokatika, pembe moja isiyokuwapo. Pembe ina neno tu kwa watu wanaofunga nira kichwani. Jicho moja lililokufa halizuii kazi: mtie upande ambao jicho lililokufa linaelekea mwenzake, na jicho zima linaona njia.

Sasa neno la kuangalia sana. Ukiona uvimbe laini wa maji mbele ya goti la mbele, mkubwa kama chungwa ao kama kichwa cha mtoto, mwenye kuuzisha atasema: "Alijigonga, haumwi." Pengine ni kweli, amelala sana juu ya sakafu ngumu. Lakini uvimbe huo unaweza pia kuwa alama ya ugonjwa unaoitwa brucellosis, ambao unatoa mimba za ngombe jike na kupita kwa watu kwa njia ya maziwa mabichi, na kwa kushika kondo la nyuma ao maji ya uzazi. Mtu aliyeupata anakuwa na homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku na maumivu ya viungo kwa muda mrefu. Hapana kutumbua uvimbe huo kwa kisu! Maji yake yanaweza kuwa na ugonjwa ndani. Mganga wa nyama atatwaa damu na kuipima. Mtu mwenye ngombe jike nyumbani, na watoto wanaokunywa maziwa, asilete ngombe wa uvimbe huo zizini kabla ya kupata jibu la damu, hata akipewa bure.

Hesabu ya bei

Kila ngombe ana bei mbili. Bei ya kwanza ni ya nyama, ile ambayo mchinjaji wa mjini atatoa leo. Bei ya pili ni ya kazi. Kwetu karibu na migodi nyama inatafutwa, kwa hiyo bei ya kwanza haiko mbali na ya pili, na jambo hili linakusaidia kama unajua kulihesabu.

Tuseme ngombe mzima wa nira ni mafungu 10 ya feza. Tuseme mchinjaji anatoa mafungu 6 kwa ngombe wa uzito huo. Mwenye kuuzisha anataka 8 kwa yule aliyeumia. Watu wanasema: "Nimepata faida ya 2." Sivyo. Ukimnunua kwa 8 na kilema kikirudi, utamuuzisha kwa mchinjaji kwa 6 kama bado ni mnene, kwa 4 kama amekonda, na ngombe mwenye kuumwa mguu anakonda upesi. Umepoteza 2 ao 4. Halafu ngombe wa pili wa nira anasimama bure, maana ngombe mmoja hafai kwa jembe la wawili. Na shamba? Mvua zetu zinaanza mwezi wa 10 ao wa 11. Mahindi yaliyopandwa kwa kuchelewa majuma matatu hayatoi kama yale ya mapema. Hasara hiyo ya mahindi ndiyo kubwa kuliko zote, na haiandikwi katika hesabu ya watu wengi.

Basi shauri langu ni hili. Ukiona ngombe aliyeumia anauzishwa kwa bei ya nyama ao karibu nayo, hatari ni ndogo, unaweza kujaribu. Ukiona bei yake iko karibu na ya ngombe mzima, kwa nini ubebe hatari ya mtu mwingine? Katikati ya hizo mbili ndipo inapofaa kutumia macho, na macho yanataka siku mbili.

Siku mbili za kutazama

Wakati mzuri wa kununua ni mwezi wa 6, wa 7 ao wa 8. Usingoje mwezi wa 10, wakati kila mtu anataka ngombe na mwenye kuuzisha anajua haraka yako. Tena asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7 ni za baridi, na kiungo kibaya kinasema ukweli wakati wa baridi. Lakini jua hili pia: wakati wa kiangazi ngombe hawalimi, wamepumzika, na mapumziko yanaficha vilema vingi. Kwa hiyo lazima umwone akifanya kazi.

Fika asubuhi sana, ngombe wakiwa bado wamelala zizini, na usitangulize habari. Tazama namna anavyoamka. Ngombe mzima anainua sehemu ya nyuma kwanza, kisha ya mbele, anajinyoosha, anatembea. Yule mwenye maumivu anajaribu mara mbili, anasimama akiinua mguu mmoja, anakaa mahali pamoja kama mtu aliyesahau kitu. Hatua 20 za kwanza zina maana kuliko 200 zinazofuata, kwa sababu kiungo kikipata joto maumivu yanapungua.

Kabla jua halijapanda, mguse miguu kwa mgongo wa mkono. Jua likikwisha kuwaka, kila mguu ni moto na hutajua kitu. Linganisha mguu na mguu: goti na goti, kifundo na kifundo. Mimi ninachukua kamba nyembamba, ninazungusha mahali palipoumia, ninafunga fundo, kisha ninazungusha mahali hapo hapo katika mguu mwingine. Kamba haina urafiki na mtu. Inua kwato na kutazama kati ya kucha mbili: kuna kidonda, harufu mbaya, nyama iliyoota? Waganga wa nyama wanasema kilema cha ngombe mara nyingi kinatoka katika kwato, si juu, hata kama watu wote wanaonyesha bega. Tazama urefu wa kucha. Ngombe asiyekanyaga vema mguu mmoja, kucha za mguu ule haziliki na ardhi, zinakuwa ndefu kuliko nyingine. Mwenye kuuzisha akisema "alipona miaka miwili iliyopita", na kucha za mguu ule ni ndefu na zilizopinda, basi kucha zinamkana.

Kisha aongozwe kwa kamba iliyolegea, mbele yako na kutoka kwako, njia ngumu. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa kinapanda wakati mguu ule unapokanyaga, na kinashuka wakati mguu mzima unapokanyaga. Mguu wa nyuma ukiuma, nyonga ya upande ule inapanda juu wakati wa kukanyaga. Mpeleke juu ya mawe: kwato mbaya zitalia. Mpeleke katika mchanga ao shamba lililolimwa: kano na mabega yatalia. Mzungushe mduara mdogo kuume, kisha kushoto. Mrudishe nyuma hatua kumi. Mtelemshe mlima mdogo. Kisha tazama nyayo zake katika vumbi. Hatua za kushoto na kuume ziwe sawa kwa urefu. Wawindaji wenu wa zamani watazisoma vizuri kuliko mimi, waite.

Sasa kazi. Omba afungwe nira pamoja na ngombe aliyezoea, avute gari lenye mchanga ao gogo, saa nzima, si mbele ya nyumba tu. Mwenye kuuzisha akikataa, umekwisha kujibiwa. Akikubali, tazama kama anasukuma sawa ao anapinda mwili na kumwachia mwenzake mzigo.

Halafu rudi nyumbani bila kutoa feza. Kesho yake asubuhi sana urudi tena, umwone akiamka. Hii ndiyo saa ya kweli. Ngombe wengi walioumia wanavuta vizuri siku ya kwanza, na kesho hawawezi kuamka. Kuna sababu ya pili ya kurudi. Siku hizi kuna sindano za kuondoa maumivu, na watu wabaya wanazitumia asubuhi ya soko. Ukiweza, acha siku 5 zipite, kisha mtazame tena bila kuwaambia siku.

Katika siku hizo ongea na watu. Usimwulize mwenye ngombe tu, waulize wachungaji. Nitawasimulia habari ya baba mkubwa wangu mmoja. Mtoto wake alikuwa amefanya kazi katika mashimo miaka miwili, akarudi na kifua kibaya, na feza alizorudi nazo zilikuwa za kununua ngombe mmoja, basi, si zaidi. Nyumbani walikuwa na ngombe mmoja wa nira, mwenzake alikufa. Kijana alisema kama hawalimi mwaka ule, atarudi mashimoni. Baba mkubwa hakutaka kusikia neno hilo. Tulikwenda pamoja kwa mtu mwenye ngombe wawili walioumia: mweusi, mzuri sana, na mwekundu mwenye nyonga iliyoshuka, ambaye watoto walimcheka.

Mwenye kuuzisha akamwambia: "Baba, twaa huyu mweusi. Aliumia goti kidogo tu, zamani."

"Zamani gani?"

"Wakati wa mvua."

"Mvua ya mwaka huu, ao ya mwaka uliopita?"

Yule mtu akatazama miti. Mchungaji, mtoto wa miaka kumi hivi, akajibu kwa heshima kabisa: "Ya mwaka huu, babu. Alianguka katika shimo la wachimbaji, tukamtoa kwa kamba, watu wanane."

Baba mkubwa akamshukuru mtoto na kwenda kumwona mwekundu. Alikuwa amelima mvua tatu baada ya kuumia. Majirani wawili walishuhudia, na mmoja alikuwa amemkodi yeye mwenyewe. Kamba haikuonyesha tofauti katika miguu. Alivuta gari la mchanga, na kesho yake aliamka kama kawaida. Bei yake ilikuwa juu kidogo kuliko ya mweusi, na pale mimi nilimwona baba mkubwa akisita, kwa sababu mweusi alikuwa mzuri kweli, shingo kama mti. Alinunua mwekundu. Mvua mbili sasa analima, na kijana anamwongoza. Mweusi alinunuliwa na mtu wa mbali; kabla ya Noeli alikuwa kwa mchinjaji.

Maulizo ya kuuliza ni haya, na uyaulize kwa watu watatu mbalimbali: aliumia lini, namna gani, mguu gani, nani alimtunza, alipumzika muda gani, amefanya kazi mvua ngapi toka siku ile, na kwa nini anauzishwa. Ulizo la pili kutoka mwisho ndilo zito. Ngombe aliyeumia na kisha kulima mvua mbili nzima amekwisha kujaribiwa vizuri kuliko sisi tunavyoweza kumjaribu. Ngombe aliyeumia mwaka huu na hajafanya kazi bado, hakuna anayejua, hata mwenyewe hajui, labda hasemi uwongo.

Tazama pia meno, kwa sababu ngombe mzee aliyeumia hana wakati wa kukulipa. Ngombe ana meno 8 ya mbele, chini tu. Meno makubwa yanatoka mawili mawili: ya kwanza karibu na miaka 2, na kinywa kinajaa karibu na miaka 4. Kinywa kimejaa na meno hayajalika: bado ana miaka mingi ya kazi. Meno mafupi yaliyoachana: bei ya nyama.

Mapatano

Mukipatana, ombeni feza zilipwe mara mbili: sehemu kubwa siku ya kumchukua, sehemu ya mwisho baada ya majuma mawili ya kazi. Kama kilema kikionekana katika majuma hayo, ngombe anarudi na feza zinarudi. Andikeni katika karatasi rangi ya ngombe, alama zake, jeraha lake la zamani na mahali lilipo, mbele ya mkubwa wa kijiji na washuhuda wa pande mbili. Karatasi inasaidia pia kama kesho mtu akija kusema ngombe aliibwa. Mwenye kuuzisha wa kweli hatakasirika. Wengi wanakubali, kama ukiwaomba kwa adabu, na si kwa kelele za soko.

Akifika nyumbani

Usimfunge nira kesho yake. Njia ya mbali imemchosha, na majani ya kwenu ni mengine. Mwache siku chache, atenganishwe na ngombe wako mpaka ujue hana ugonjwa wala kupe wengi. Kisha saa moja ya kazi asubuhi, juma la kwanza. Saa mbili, juma la pili. Hata kufika saa nne ao tano, na zisizidi, hata kwa ngombe mzima. Jua likiwa kali, mfungue.

Mchague mwenzake wa nira kwa kimo na mwendo. Mwenzake akiwa na haraka sana, yule aliyeumia atavutwa kila siku. Wakati wa kulima, ngombe mmoja anatembea ndani ya mtaro na mwingine juu ya udongo usiolimwa. Usimtie mwenye mguu wa zamani ndani ya mtaro, kwa maana pale udongo ni laini na si sawa. Kucha zikiwa ndefu zikatwe na mtu anayejua. Gari likishuka mlima bila kizuizi cha magurudumu, uzito wote unawasukuma ngombe. Tia gogo la kukokota nyuma ya gari, ao shusha nusu ya magunia na urudi mara ya pili.

Akianza kuchechemea tena, mfungue nira saa ile ile, usimalize mstari. Tazama kwato kwanza, pengine ni jiwe ao mwiba tu. Kama ni mahali pa jeraha la zamani, mpumzishe majuma mawili, kisha mjaribu kidogo. Ikirudi mara ya pili, na shamba lako bado halijakwisha, tafuta kwa jirani ngombe wa kukodi mapema, wakati jirani hajafunga kazi zake. Huyu wako muuzishe angali mnene. Kama alichomwa sindano ya dawa yoyote, umwulize mganga wa nyama ni siku ngapi zipite kabla ya kuchinja, kwa maana dawa inakaa ndani ya nyama, na umwambie mchinjaji siku hiyo ya sindano.